Yoga Ipi Inayouzwa Diani?

Msafiri avukaye Likoni na kuishika barabara kuu ya kuelekea Lunga Lunga hufika Ukunda, na pale akipinda kushoto kuifuata bahari hulakiwa na mabango yanayoshindana kuvuta macho yake. Zamani mabango hayo yalinadi mambo machache tu: vyumba, vyakula vya baharini, kupiga mbizi, ziara ya Shimba Hills na mashua ya kwenda kuwatazama pomboo kule Wasini. Siku hizi limeongezeka jambo jingine, nalo ni yoga. Picha aghalabu ni ile ile: mwanamke amekaa mchangani, miguu kaikunja, macho kayafumba, na nyuma yake minazi na maji ya samawati.

Jambo hili limezua kauli tatu ambazo huzisikia mara kwa mara nizungumzapo na watu wa Kwale, kuanzia Tiwi hadi Msambweni. Wa kwanza husema kwamba yoga ni ibada ya masanamu iliyovishwa nguo za michezo, na kwamba mzazi mwenye dini hana budi kumkataza mwanawe asiikaribie. Wa pili husema ni kunyoosha viungo tu, anasa ya watu walioshiba, haina kheri wala shari. Wa tatu, nao wengi ni vijana, hawana haja na mjadala huo. Wao huona kazi. Mtalii hulipa fedha za kigeni apate kuongozwa saa moja ya mazoezi, na kijana mwenye mwili mwepesi na Kiingereza cha kutosha anaweza kuwa mwongozaji.

Nimeamua kuiandikia kadhia hii kwa sababu wasomaji wengi wa ukurasa huu ni walimu na wanafunzi, na swali lenyewe limekwisha kubisha hodi shuleni. Mwalimu wa shule moja ya upili upande wa Msambweni aliniuliza waziwazi: mgeni akija na mikeka yake ya mpira, akaomba kuwafundisha wanafunzi wetu yoga bila malipo, tumjibu nini? Swali hilo ni la haki. Halijibiki, hata hivyo, mpaka kwanza tuelewane ni kitu gani kinachozungumzwa, maana wote watatu niliowataja, yule anayeogopa, yule anayedharau na yule anayetamani, wameiona robo tu ya mnyama wakadhani wamemwona mzima.

Tuanze na maandishi. Kitabu ambacho wataalamu wa India hukitegemea zaidi katika elimu hii ni kile kinachonasibishwa na Patanjali, kilichotungwa kwa makisio ya wengi yapata miaka 1,600 iliyopita, ingawa wapo wanaokisogeza nyuma zaidi. Ni kitabu kifupi mno: vifungu 195, au 196 kwa nakala nyingine, na vingi havizidi maneno machache. Katika vifungu hivyo vyote, vinavyozungumzia mkao wa mwili moja kwa moja ni vitatu. Narudia, vitatu. Navyo havitaji kusimama kwa kichwa wala kupinda mgongo. Vinasema tu kwamba mkao uwe imara na wa raha, na kwamba mtu aufikie kwa kulegeza juhudi.

Patanjali anaieleza njia yake kuwa ina viungo vinane. Hapa Kiswahili chetu kinatutega kidogo, kwa kuwa sisi tusikiapo viungo hufikiri magoti na viwiko, au pilau. Viungo vya Patanjali si vya mwili. Cha kwanza ni makatazo matano: kutodhuru kiumbe chochote, kutosema uongo, kutoiba, kutozini, na kutolimbikiza. Cha pili ni maagizo matano: usafi, kinaa, kujinyima, kujisomea na kujisalimisha kwa Mola. Cha tatu ndicho mkao. Cha nne ni kuitawala pumzi, cha tano kuzirudisha hisi ndani zisiburutwe na kila kinachopita, cha sita kuifunga fikira mahali pamoja, cha saba tafakari isiyokatika, na cha nane ni ile hali ya kuzama ambamo mwenye kutafakari hajioni tena kuwa mbali na kile anachokitafakari. Shabaha ya yote ni kuituliza akili, mithili ya kisima kinachoachwa kitulie mpaka mtu aone chini.

Msomaji ataona mara moja kwamba mtu hafiki kwenye mkeka kabla ya kupitia masharti kumi ya tabia. Wapo wanaosema viungo hivyo hukua pamoja kama vidole vya mtoto, si ngazi ya kupanda hatua kwa hatua, nami sina ugomvi nao. Lakini hata kwa hesabu yao mkao ni kimoja katika vinane. Kinachouzwa Diani ni hicho kimoja, na pengine nusu ya cha nne.

Bhagavad Gita nayo hutumia neno yoga kwa upana zaidi. Humo yoga ni njia ya matendo yafanywayo bila uchu wa malipo, ni njia ya mapenzi kwa Mungu, na ni njia ya elimu. Gandhi alipoifasiri Gita kwa Kigujarati alikiita kitabu chake Anasaktiyoga, yaani yoga ya kutong'ang'ania. Gandhi huyo hakusifika kwa kupinda mwili. Alisifika kwa kusokota pamba, kufunga, na kutembea hadi baharini mwaka 1930 kuokota chumvi ambayo serikali ya Kiingereza ilimkataza Mhindi kuichukua bila kodi. Ukimwuliza mwanachuoni wa Kihindi kama matembezi yale yalikuwa yoga, yamkini atakujibu kwamba ndiyo, tena yoga ya daraja la juu.

Basi ilikuwaje mkao ukameza vyote vingine? Habari yenyewe si ya zamani sana. Swami Vivekananda alipokwenda Chicago mwaka 1893 kwenye mkutano mkuu wa dini, na hata alipochapisha kitabu chake cha Raja Yoga mwaka 1896, alisisitiza falsafa na tafakari. Mikao ya kujikunja aliidharau. Mageuzi makubwa yalifanyika katika miaka ya 1920 na 1930, hasa katika kasri ya Mysore ambako Krishnamacharya alikuwa akiwafundisha vijana. Mwanachuoni Mark Singleton, katika kitabu chake cha mwaka 2010 kiitwacho Yoga Body, ameonyesha jinsi mazoezi ya viungo ya Ulaya, yale ya Sweden na Denmark yaliyofundishwa katika shule na majeshi ya dola ya Kiingereza, yalivyochanganyika na elimu ya kale ya India wakati huo. Wapo wanaompinga katika baadhi ya mambo, lakini kwamba mchanganyiko ulikuwapo ni vigumu kukataa. Hata ule mfululizo maarufu wa maamkizi ya jua ulienezwa na mtawala wa jimbo la Aundh katika miaka hiyo hiyo.

Nimelitaja hili kwa makusudi. Yale mazoezi ambayo mwalimu wetu mwenye kipyenga huwaamrisha watoto uwanjani, mikono juu, mikono kando, ruka, yametokana na shina lile lile la Ulaya na yakaletwa na mkoloni yule yule. Mwalimu wa michezo wa Msambweni na mwalimu wa yoga wa hoteli ya Diani ni binamu wasiojuana.

Kutoka Mysore walitoka wanafunzi watatu walioipeleka mikao ulimwenguni. Indra Devi alifungua darasa lake Hollywood mwaka 1947. Pattabhi Jois alibaki Mysore na wageni wakamfuata. B.K.S. Iyengar alikutana na mpiga fidla Yehudi Menuhin mwaka 1952, akapata umaarufu Ulaya, na mwaka 1966 akachapisha Light on Yoga, kitabu chenye mamia ya picha. Picha, msomaji mpenzi, ndiyo siri ya jambo hili. Mkao hupigwa picha. Kutosema uongo hakupigiki picha. Kitu kisichopigika picha hakina nafasi katika bango la barabarani.

Halafu tazama kinaya cha historia. Kwa karne nyingi majahazi yalisafiri kati ya Gujarati na mwambao huu kwa pepo za kaskazi na kusi. Yalileta nguo, shanga na chuma, yakaleta watu pia, na misamiati ambayo hatuioni tena kuwa ya kigeni. Yapo mahekalu ya Kihindi Mombasa, mwendo mfupi ng'ambo ya Likoni, ambamo ibada na tafakari zimefanywa kizazi hadi kizazi bila kumsumbua mtu. Lakini yoga iliyofika Diani haikupanda jahazi. Ilikuja kwa ndege za watalii kutoka London, Berlin na California, ikiwa imekwisha oshwa, ikakatwa, ikatiwa pakitini. Tuliyekuwa jirani yake tumeuziwa na mtu wa mbali.

Sasa niwaombe ndugu zangu Waislamu, ambao ndio wengi katika Wadigo na katika miji ya mwambao huo, tufikirie mfano. Lau kesho angekuja mwekezaji akaona kwamba rukuu na sijida hunyoosha mgongo, na kwamba kukaa tahiyatu hulainisha magoti, akaanzisha darasa la saa kumi na mbili asubuhi ufuoni. Hakuna udhu, hakuna nia, hakuna kibla, hakuna Fatiha, muziki laini tu, na bei imeandikwa kwa dola. Sisi tungesemaje? Hata asiyesali sana angeghadhibika. Tungesema kwamba amechukua ganda akatupa kiini, tena analiita ganda kwa jina la kiini. Hivyo hivyo ndivyo wanavyohisi Wahindu wengi, na huko Marekani shirika lao moja lilianzisha kampeni hadharani, likidai kwamba asili ya yoga isifichwe kwa ajili ya biashara.

Mfano huu, hata hivyo, unakata pande mbili. Ikiwa yoga ni njia kamili, yenye maadili yake, Mola wake na mwisho wake, basi yule mzazi anayeuliza kama inaafikiana na dini yake si mshamba wala mpumbavu. Ameuliza swali sahihi kuliko yule mwenye hoteli anayemtuliza kwa kusema ni kunyoosha mwili tu. Baraza la Kitaifa la Fatwa la Malaysia lilipolizungumzia jambo hili mwaka 2008, na maulama wa Indonesia mwaka 2009, walichokikataa ni yoga yenye kuchanganya mwendo, nyiradi na imani ya Kihindu. Wale wa Indonesia waliacha mlango kwa mazoezi matupu ya mwili. Saudi Arabia, ambayo haikuwahi kushukiwa kwa ulegevu, iliitambua yoga mwaka 2017 kuwa shughuli ya michezo. Hawa wanaoonekana kupingana, kwa kweli hawakuzungumzia kitu kimoja. Wa kwanza walitazama viungo vinane. Wa mwisho walitazama kimoja.

Wakristo nao wamepitia njia hiyo. Jimbo la Alabama lilipiga marufuku yoga katika shule za umma mwaka 1993. Mwaka 2021 marufuku hiyo ililegezwa kwa sheria mpya: wanafunzi wanaweza kuifanya mikao kwa idhini ya wazazi, lakini majina ya mikao yawe ya Kiingereza tu, wala neno namaste lisitamkwe. Kule Encinitas, California, wazazi waliishtaki wilaya ya shule, na mwaka 2013 jaji akaamua kwamba somo lile halikuwa dini. Mahakama ya rufani ikakubaliana naye mwaka 2015. Shule ilikuwa imekwisha yaondoa majina ya Kisanskriti, hata ule mkao wa yungiyungi ukapewa jina la kitoto. Mimi naona uamuzi ule ulikuwa wa haki kisheria. Lakini kilichoshinda mahakamani hakikuwa yoga. Kilikuwa mazoezi ya viungo, na ingekuwa insafu zaidi kuyaita kwa jina lake.

Je, yupo aliyeitazama yoga nzima bila kuiogopa na bila kuipunguza? Yupo, na alikuwa Mwislamu. Abu Raihan al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, alijifunza Kisanskriti, akakifasiri kitabu cha Patanjali kwa Kiarabu pamoja na sharhe yake, akaandika pia kitabu kikubwa juu ya India. Hakubadili dini. Pale alipotofautiana na Wahindu alisema. Pale alipoona hekima aliieleza kwa uaminifu ili msomaji wake wa Kiarabu aelewe wanasema nini wenyewe. Yapata miaka 1,000 imepita tangu hapo. Nadhani mwalimu wa historia au wa dini anayetafuta mfano wa namna ya kusoma imani ya jirani hana haja ya kwenda mbali zaidi ya huyu.

Na ukiisoma nzima, unagundua kwamba si ngeni kama ilivyodhaniwa. Imamu Ghazali aliigawa saumu katika daraja tatu: ya watu wa kawaida wanaoacha chakula na maji, ya watu mahsusi ambao macho, ulimi na masikio yao pia yamefunga, na ya mahsusi zaidi, ambao moyo wenyewe umefunga usiwaze kingine ila Mola. Kiungo cha tano cha Patanjali kiko jirani mno na daraja ile ya pili. Halikadhalika dhikri za twarika zilizoenea Pwani, ambamo jina la Mungu huenda na kurudi pamoja na pumzi. Sisemi kwamba ni kitu kimoja; anayesema hivyo huvidhulumu vyote viwili. Nasema kwamba watu wa mwambao huu wanajua, bila kufundishwa na mtalii, kwamba mwili, pumzi na tabia ni fundo moja.

Hata kabla ya hapo walijua. Kaya Kinondo iko kusini tu ya hoteli za Diani. Mgeni anayeingia msituni hufungwa kaniki nyeusi kiunoni, huvua kofia, huambiwa asibusiane na mtu humo ndani, wala haingii bila kiongozi. Ndipo huruhusiwa kuukumbatia mti mkubwa. Kukumbatia mti ni jambo linalofaa kwa picha, lakini wazee waliweka masharti mbele yake. Misitu ya kaya za Mijikenda iliandikishwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2008, na mila zake zikaorodheshwa mwaka 2009 miongoni mwa zile zinazohitaji kuokolewa kwa haraka. Kwa upande mwingine kisiwa cha Chale, chenye kaya yake, kilijengwa hoteli ya kitalii katika miaka ya 1990 licha ya manung'uniko ya wazee. Kinondo masharti yalitangulia. Chale yalifuata nyuma ya saruji.

Hapa ndipo ninapofika kwenye jambo linaloniudhi hasa. Kama kiungo cha kwanza cha yoga ni kutodhuru, kutoiba, kutozini na kutolimbikiza, basi hapana mahali Kenya nzima ambapo kiungo hicho kinahitajika kuliko huo mchanga ambao mikeka hutandikwa.

Tuchukue kutoiba. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wakazi wa ukanda wa maili kumi wadai ardhi zao kwa maandishi, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Mdigo aliyelima ardhi ya ukoo wake bila karatasi aliamka akiwa maskwota. Baada ya uhuru viwanja vya ufuoni viligawiwa wakubwa, na tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u iliyatangaza mengi ya aina hiyo katika ripoti yake ya mwaka 2004 juu ya ardhi za umma zilizogawiwa kinyume cha sheria. Mpaka leo wavuvi na wanakijiji hulalamika kwamba njia za kufikia bahari zimezibwa kwa kuta. Sisemi kwamba kila hoteli yenye darasa la yoga inakalia ardhi ya wizi. Ningekuwa nakiuka katazo la pili kabla sijamaliza hili la kutoiba. Nasema kwamba mwenye kutangaza yoga mahali hapo anapaswa angalau kuwa amejiuliza njia ya mvuvi inapita wapi.

Ama kutozini na kutodhuru, ninalisema kwa uchungu. Utafiti uliofanywa na UNICEF pamoja na serikali ya Kenya na kutolewa mwaka 2006 ulikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 katika Malindi, Mombasa, Kilifi na Diani walikuwa wakiingia mara kwa mara katika biashara ya ngono. Hizo ni takwimu za zamani na hali haiwezi kuwa ile ile, lakini walimu wa Ukunda hawahitaji takwimu kujua kwamba tatizo halijaisha. Wala wanunuzi hawakuwa wageni tu. Utafiti huo huo uliwataja pia wanaume wa humu nchini. Katika elimu ya India neno brahmacharya, lililomo katika yale makatazo matano, ndilo pia jina la kipindi cha uanafunzi: miaka ambayo kijana huhifadhiwa, yeye na mwili wake, apate kusoma. Neno hilo halijaandikwa katika bango lolote nililopata kuliona Diani.

Wasidhani wasomaji kwamba mapungufu haya ni ya Diani peke yake. Bikram Choudhury, aliyejitajirisha Marekani kwa yoga ya chumba cha joto, alitaka sheria imtambue kuwa mwenye hakimiliki ya mfululizo wa mikao 26. Mwaka 2015 mahakama ya rufani ilimkatalia. Mwaka 2016 baraza la mahakama huko Los Angeles lilimwamuru amlipe aliyekuwa mshauri wake wa kisheria, mwanamke aliyemshtaki kwa unyanyasaji wa kijinsia, mamilioni ya dola. Mtu aliyeimudu mikao yote 26 aliangushwa na yale makatazo matano ambayo hayana mkao.

Mkasa huo unatufundisha pia kutomwogopa mwenye kusema nusu tu, bali kumchunguza mwenye kusema ana njia kamili. Watu wa Pwani wana sababu ya kutahadhari. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola kule Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu ambao, kwa mujibu wa mashtaka, walihimizwa wafunge mpaka wafe. Hiyo haikuwa yoga wala haihusiani nayo. Ilikuwa mafundisho ya mtu mmoja aliyetaka wafuasi wake mwili na roho, na hapakuwa na mtu wa kumwuliza. Kwa hiyo mzazi wa Kwale anapouliza, "Huyu anayemfundisha mwanangu ni nani, na nani humkagua?" asijibiwe kwa tabasamu.

Sasa turudi kwa vijana wanaotaka kazi, maana njaa nayo ina hoja zake, na mwaka 2020 hoteli zilipofungwa kwa sababu ya korona tuliona Ukunda ilivyonyamaza. Kiwango kinachotambuliwa na wengi katika biashara hii ni mafunzo ya saa 200, kilichowekwa na jumuiya ya Kimarekani iitwayo Yoga Alliance. Mafunzo hayo ni ghali kwa kijana wa Mvindeni au Bongwe. Nairobi upo mradi wa Africa Yoga Project, ulioanzishwa mwaka 2007, ambao umewafunza vijana wa mitaa ya mabanda mpaka wakawa walimu wenye kulipwa. Sioni kwa nini hoteli zinazovuna kutokana na ufuo wa Kwale zisigharimie mafunzo ya namna hiyo kwa wana wa Kwale, badala ya kuleta mwalimu kutoka ng'ambo msimu wote na kumwachia mwenyeji kazi ya kukunja mikeka. Na kijana atakayefunzwa asome kitabu kizima. Mtalii mmoja kati ya kumi atamwuliza maana ya kile anachomfundisha, na itakuwa aibu ajibu kwamba ni kunyoosha tu.

Faida za kiafya sizikatai. Madaktari wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2017, waliitaja yoga miongoni mwa tiba za kujaribiwa kwa maumivu sugu ya kiuno kabla ya dawa. Hilo halina mzozo.

Kwa yule mwalimu wa Msambweni, basi, jibu langu ni hili. Mgeni akitaka kuwafundisha wanafunzi mikao na namna ya kupumua, na ayafanye hayo katika kipindi cha mazoezi ya viungo, kwa jina la mazoezi ya viungo, mwalimu wa shule akiwapo, wazazi wakiwa wameelezwa, na mwanafunzi asiyetaka asilazimishwe. Kifungu cha 32 cha Katiba ya mwaka 2010 kinamlinda mtu asishurutishwe kutenda kinyume cha imani yake, na mtoto wa shule ni mtu. Nyiradi za Kisanskriti zisiingizwe kwa mlango wa nyuma. Mgeni akitaka kufundisha yoga yenyewe, viungo vyote vinane, basi mahali pake ni somo la dini au la historia, ambako Patanjali atasomwa pamoja na al-Biruni na Ghazali, na wanafunzi watauliza maswali wakiwa wameketi kwenye viti vyao.

Kuna kikwazo kimoja ambacho mgeni hatakijua. Katika shule nyingi nilizozitembelea kipindi cha mazoezi ya viungo kimo katika ratiba iliyobandikwa ukutani, lakini ikifika saa yake mwalimu wa hisabati huwa amekwisha ingia darasani na chaki yake, na wanafunzi hawatoki nje. Mtaala wa umilisi, ulioanza madarasa ya chini mwaka 2019, unataja upendo, uwajibikaji, heshima na uadilifu kuwa maadili ya msingi, na unataka mwili ufanyiwe kazi sawa na akili. Kabla hatujajibishana juu ya mikeka ya kutoka Ulaya, ningependa kujua ni walimu wakuu wangapi wa Kwale watakaomwambia mwalimu wa hisabati kwamba saa hiyo si yake.